Darsa ya maana ya maneno ya Qur'ani hapa Wete: nimemaliza wiki kumi, haya ndio maoni yangu

Asalaam alaykum. Kuna watu kama kumi hivi waliniuliza ile darsa ya laasiri mie naionaje, inafaa kulipia au basi tu, nkawaahidi ikimalizika nitaandika. Imemalizika wiki iliyopita, na leo umeme umekatika tangu asubuhi siwezi kushona, kwa hivyo nakaa niandike. Itakuwa ndefu, mwenye haraka ajue tu kwamba naipa nyota nne kwa tano, na hiyo ya tano nimeikata kwa sababu ya pazia, nitaeleza huko mbele.

Kwanza mjue ni darsa ya kitu gani maana wengi wanadhani ni tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur'ani. Si tajwidi, na wala si ile Kiarabu ya haadha kitaabun haadha qalamun. Pale inachukuliwa aya moja, zile ambazo mtu akizisoma kwa tafsiri anakwama, afu inapasuliwa neno kwa neno. Kila neno linaulizwa mzizi wako nini, Qur'ani yenyewe imekutumia wapi kwengine, Waarabu walikuwa wakikusema kwenye mambo gani, halafu ndio munarudi kwenye aya munaisoma tena. Ni Jumamosi na Jumapili, baada ya sala ya laasiri mpaka maghribi inapokaribia, wiki 10, shilingi 10,000 kwa mwezi na kitini cha fotokopi 2,000 mbali. Chumba kiko ghorofani juu ya maduka, wanaume mbele wanawake nyuma. Jina la maalim silitaji, mwenyewe hapendi, na watu wa Wete washamjua nnamsema nani.

Sasa mie ilikuaje nkaenda. Nna miaka 41, Qur'ani nlihitimu chuoni nikiwa mdogo, nasoma vizuri alhamdulillah, ila maana sijui, kama wengi wetu, tusidanganyane. Dua ya Nabii Yunus, ile laa ilaaha illaa anta subhaanaka innii kuntu minadh-dhaalimiin, naisoma tangu sijaota meno ya ukubwani. Mtoto akiingia mtihani naisoma, boti ikichafukwa na bahari kwenye mkondo naisoma mpaka tunaona gati. Mwaka jana nkaweka apu moja kwenye simu yenye tafsiri ya Kiswahili, siku moja nkasema hebu niisome ile dua yangu iko kwenye aya gani, nkaikuta, Suratul Anbiyaa, sura ya 21 aya ya 87. Nkasoma ile tafsiri nkahisi mwili umenisisimka. Maana imeandikwa kwamba Nabii Yunus aliondoka kwa hasira, akadhani Mwenyezi Mungu hatokuwa na uwezo juu yake.

Nkasoma tena. Mtume. Anadhani Mungu hamuwezi. Yaani hata mwanangu wa miaka sita ukimwambia Mungu hamuwezi mtu fulani atakukatalia, sembuse mtume.

Nkamuuliza kaka yangu mkubwa, akanambia usijitie kwenye mambo yatakayokutoa kwenye dini. Nkauliza kwenye grupu la wasap la kinamama wa mtaani, nkaletewa voisi noti nyingi kila moja dakika tano, na nyengine ilikuwa ya bei ya ndizi. Ndio nliposikia hii darsa inaanza na kwamba moja ya aya zao ni hiyo hiyo, nkaenda kulipa siku ile ile.

Siku ya kwanza nlitegemea tutaingia moja kwa moja kwenye suala langu, wapi. Maalim kaandika aya nzima ubaoni, afu kageuka akauliza, humu ndani nani anajua neno hata moja la aya hii? Kimya. Akasema, sasa nyie mnajua zaidi ya nusu, ila hamjui kama mnajua. Akaanza kuyazungushia duara: mughaadhiban, hii si ghadhabu hii? Dhanna, si dhana? Naqdira, si kudura, si kadiri, si kadari? Naadaa, si kunadi? Dhulumaat, dhaalimiin, si dhulma na dhalimu? Wallahi nlihisi kama mtu aliyekuwa anapita njia miaka yote afu akaambiwa ile nyumba ya kona ni ya shangazi yako. Aya nzima imejaa Kiswahili!

Kijana mmoja mbele kule akapata moto, akasema maalim na hii dhahaba ni dhahabu, alikwenda na dhahabu. Watu wakacheka lakini maalim hakucheka, alisema herufi ni zile zile kweli, dhal na he na be, ila hapa ni kitendo, alikwenda, basi. Afu akasema maneno ambayo ndio darsa nzima ilivyo, kwamba Kiswahili kinakufikisha kwa Muarabu mpaka mlangoni, halafu kinakwambia uingie nyumba ya jirani. Neno unalolijua nusu ndilo litakalokupoteza, lile usilolijua kabisa utauliza.

Mfano ile dh yetu. Sie tuna dh moja tu, Waarabu wana tatu, dhal, dhad na dhaa, na katika aya hii zote tatu zimo, dhahaba ni dhal, mughaadhiban ni dhad, dhanna ni dhaa. Mwenye kuandika kwa herufi zetu zote anaona sawa, halafu anatafuta kwenye kamusi ya Kiarabu anafungua ukurasa sio.

Tukaenda pole pole, neno moja karibu siku nzima. Mughaadhiban ndio lilinipa pumzi kidogo maana mie nlidhani kamkasirikia Mungu. Aya haisemi kamkasirikia nani. Maalim alionesha kwamba umbo lile la neno kwa kawaida ni la watu wawili, kama sie tunavyosema kukasirikiana, yeye na watu wake wa Ninawa walimkataa naye akakasirika akawaacha, na wafasiri wengi wamelichukua hivyo. Kuna waliosema vyengine pia, akavitaja, hakuficha. Hili nlilipenda sana kwa maalim huyu, hakuna siku aliyosema wanazuoni wamesema kama vile wote walikaa baraza moja wakakubaliana.

Dhanna pia. Kwetu dhana ni kitu cha kubahatisha, mtu akikwambia hiyo ni dhana yako ujue kakudharau. Kumbe kwenye Qur'ani dhanna mara nyengine ni yakini kabisa, kwenye Suratul Baqara wanasifiwa wanyenyekevu ambao yadhunnuuna kwamba watakutana na Mola wao, sasa hapo huwezi kusema wanabahatisha. Ila katika aya yetu maalim alisema ni ile ya kudhani kweli, hapa Kiswahili kimepatia.

Sasa naadaa. Kwenye darsa kuna mzee mmoja dalali wa samaki Tumbe, anakuja na honda yake kutoka kule juu, kila wiki, na bado ana harufu ya mnadani masikini Mungu amjaze kheri. Maalim alipofika fanaadaa fidh-dhulumaat yule mzee akasema kwa sauti, basi huyo alinadi, kama mie! Chumba kizima kicheko, sisi huku nyuma ya pazia tumeziba midomo na mabuibui. Maalim akasema hujakosea sheikh wangu, nidaa ni kuita kwa kupaaza sauti, ni wito wa mtu aliye mbali au unayetaka asikie, na mnada umeitwa mnada kwa sababu ya zile kelele zenu. Lakini hebu fikiri, alikuwa wapi huyu anayenadi? Giza la usiku, giza la bahari, giza la tumbo la samaki, ndivyo zile dhulumaat zilivyopokewa kuelezwa kutoka kwa Ibn Abbas, sahaba na binamu yake Mtume, na wengine. Humo ndimo alimopaaza sauti. Yule mzee akanyamaza kidogo afu akasema, mie pale Tumbe namnadia mtu yuko hatua mbili na bado ananambia hajasikia.

Hakuna aliyecheka.

Na dhulumaat yenyewe, giza, na dhulma, mzizi mmoja, ila giza kwa Kiswahili hatujalichukua, tumechukua dhulma peke yake. Kuna hadithi sahihi ya Mtume swalla Llahu alayhi wasallam kwamba dhulma ni dhulumaat siku ya kiyama, yaani dhulma ni magiza, kwa Kiarabu maneno yanagongana vizuri, kwetu sie yanapita tu. Na dhulma asili yake wanavyoeleza watu wa lugha ni kukiweka kitu pasipo pahala pake. Maalim akauliza Nabii Yunus alimdhulumu nani hata aseme nilikuwa katika madhalimu, hakumpiga mtu hakuiba, ila pahala pake palikuwa kwa wale watu na yeye kapaacha kabla hajaruhusiwa. Kwenye Suratus Saaffaat imetumika abaqa, neno la mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake. Hapo nlitulia nkaacha hata kushona, maana huwa nachukua kofia naendelea na viua vyangu huku nasikiliza.

Na kofia ndio zilizonifahamisha naqdira, lile neno ambalo apu imelifasiri uwezo, na ambalo ndilo nlilolipia.

Ilikuwa wiki ya nne. Maalim kaja na kitabu kinene cha Muhammad Fuad Abdul-Baqi, kile kinachopanga maneno yote ya Qur'ani kwa mizizi, ukitaka qaf dal ra unafungua unaoneshwa kila pahala lilipo. Kaanza kuyasoma. Laylatul Qadr. Kila kitu tumekiumba bi qadar, kwa kipimo. Afu akafika Suratut Talaaq aya ya 7, waman qudira alayhi rizquhu, na ambaye riziki yake qudira alayhi basi atoe katika alichopewa na Mungu. Akauliza, hapa utasema aliyewezwa riziki yake? Haiji. Ni aliyebanwa riziki, aliyedhikishwa. Suratul Fajr, ile mnayoijua nyote, faqadara alayhi rizqahu, akambania riziki yake, ndio yule mtu anasema Mola wangu kanidhalilisha. Suratur Raad, yabsutur rizqa liman yashaau wa yaqdir, anamkunjulia riziki amtakaye na anabana. Mara zote hizo ni qadara ile ile na si uwezo hata kidogo.

Mtu mmoja akauliza sasa kupima na kubana vimekutana wapi. Maalim akamtaja Raghib al-Isfahani, aliyeandika kamusi ya maneno ya Qur'ani zamani sana, kwamba yeye anasema ukimbania mtu kitu ni kama umempa kwa kipimo, kinyume cha kupewa bila hesabu. Mie hapo ndani nafsi yangu ikaitikia, kwa sababu nliyonayo mkononi ni kofia. Kofia ukiambiwa kichwa 22 ukaikata 22 kamili hukuacha hata uzi, mwenyewe akivaa inambana, akiivua ana mstari kwenye paji la uso. Kilichokadiriwa sawasawa kinabana! Mteja akitaka raha unamuongezea kidogo. Nkamnong'oneza mwenzangu wa pembeni, kumbe kukadiria na kubana ni dada, akanambia shhh.

Basi aya ikawa, akadhani kwamba hatutambania. Alidhani ameondoka tu, ardhi ya Mungu pana, ataenda kwengine, hatobanwa. Na akabanwa pahala pembamba kuliko pote, tumbo la samaki. Mie hapa nlitoa machozi, si uongo. Miaka 30 na ushee naisoma dua hii na sijawahi kujua kwamba ni dua ya mtu aliyebanwa.

Maalim akamalizia na kisa kimoja, Zamakhshari, mfasiri wa zamani wa Qur'ani, kakitaja kwenye tafsiri yake, kwamba Ibn Abbas aliingia kwa khalifa Muawiya, na Muawiya akamwambia jana mawimbi ya Qur'ani yalinipiga nkazama, sikuona wa kuniokoa ila wewe, akamsomea aya hii, akamuuliza ati mtume wa Mungu atadhani hawezwi? Ibn Abbas akamjibu hii inatokana na qadr, haitokani na qudra. Sasa nyie fikirini, suala langu mie mshona kofia wa Wete liliulizwa na Muawiya, na kaka yangu ananambia litanitoa kwenye dini!

Ningeishia hapo ingekuwa darsa nzuri tu. Lakini usiku nkakaa nkawaza, kuna kitu kinanikera, kuna pahala nshawahi kusikia maneno haya haya. Nkaanza kusoma juzuu amma kwa moyo, nlipofika Laa uqsimu, yaani Suratul Balad, nkasimama. Ayahsabu an lan yaqdira alayhi ahad. Hiyo hapo! An lan yaqdira alayhi, na ya Yunus ni an lan naqdira alayhi, tafauti herufi moja tu ya anayetenda. Na ile ya Suratul Balad kila mtu anaifasiri, je anadhani hakuna yeyote atakayemuweza. Uwezo! Sasa maalim yaqdira alayhi ikiwa huku ni uwezo na kule ni kubana, nani kaamua?

Jumapili nkainua sauti nyuma ya pazia nkauliza. Chumba kimya. Maalim kakaa kimya, kaangalia ubao, akasema, dada wa nyuma, nipe wiki moja.

Hapa ndipo nlipojua pesa yangu haikupotea. Mie nshakaa kwenye darsa nyengine, sitasema wapi, ukiuliza suala kama hili unaulizwa wewe umesoma wapi, na wanawake masuala yenu ni ya hedhi na udhu ulizeni hayo. Huyu kaomba wiki.

Wiki ile akaja na jibu, na nalieleza nlivyofahamu mie, nikikosea kosa ni langu. Kasema neno peke yake halikati kesi. Dada kasema kweli, maneno ni yale yale na lugha inakubali yote mawili pahala pote pawili. Kinachokata ni nani anasemwa na nini kinafuata. Kwenye Balad anasemwa mtu mwenye kiburi, aya inayofuata anajitapa nimeangamiza mali chungu nzima, mtu wa namna hiyo kweli anadhani hakuna wa kumuweza, na Mungu anamsuta. Kwenye Anbiyaa anasemwa mtume, na inayofuata ni kilio kutoka pahala pa dhiki, halafu aya ya 88 tukamuokoa minal ghamm. Akasema sie tuna msemo hamu na ghamu, hamu tumeigeuza ikawa shauku, nna hamu na urojo, kumbe kwa Kiarabu hamm ni wasiwasi na fikra nzito, na ghamm mzizi wake ni kufunika, ndio wingu likaitwa ghamaam. Aliyefunikwa akafunuliwa, aliyebanwa akaachiwa, aya zinashikana.

Akaongeza kwamba Tabari, naye mfasiri mkubwa wa zamani, kaziweka kauli kadhaa, wako waliosema alidhani kweli atamkwepa Mola wake, wako walioifanya ni suali, yaani je alidhani hatumuwezi, na yeye Tabari kachagua ile ya kwamba alidhani hatutamzuia na kumbania. Kwa hivyo ile apu yangu, akasema, haikuzua kitu kutoka hewani, neno uwezo limo ndani ya mzizi, ila imekupa moja bila kukwambia kuna jengine. Mie bado naikasirikia apu. Hata alama ya nyota ndogo ya kusema angalia chini hawakuweka. Tafsiri za vitabu zilizoandikwa na watu wetu, ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy iliyotoka 1969 na ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, angalau ni kazi za watu walioijua lugha zote mbili kama viganja vyao, na maalim alikuwa kila aya anazifungua zote mbili mezani anazilinganisha, hiyo peke yake ni darsa.

Kwenye meza hiyo hiyo, yule kijana wa dhahabu wiki ya sita alishakuwa anaona Kiarabu kila pahala, akauliza mzizi wa meza nini. Maalim akasema huyo Mreno, na gereza pia Mreno, mwachie.

Aya nyengine sizielezi zote maana nitajaza ukurasa na betri hainitoshi, ila moja lazima niiseme kwa sababu inatuhusu sana huku kwetu visiwani. Fitina. Nani hapa hajawahi kuambiwa au kumwambia mtu fitina ni mbaya kuliko kuua, Qur'ani imesema! Tunawapigia nayo wambea wa mtaani. Mie mwenyewe nshamtumia wifi yangu kwenye simu na kiarabu chake. Kumbe ile aya ya Baqara, walfitnatu ashaddu minal qatl, fitna ile si umbea. Asili ya neno ni sonara kuitia dhahabu motoni ili aijue safi na chafu, ikawa ni kila mtihani unaomchoma mtu, na pale inasemwa ya makafiri wa Makka kuwatesa Waislamu na kuwatoa majumbani kwao ili waiache dini. Na pahala pengine mali zenu na watoto wenu wameitwa fitna, sasa hapo mtu wa Kiswahili akisoma atasema watoto wake wambea. Maalim akasema umbea ni haramu na una aya zake na hadithi zake nyingi tu, usiuazimie aya ya vita. Nlirudi nyumbani nkamuomba radhi wifi, ingawa umbea wake uko pale pale.

Sasa kasoro, na zipo.

Pazia. Chumba kimekatwa kwa pazia zito la kijani kutoka ukuta mpaka ukuta, sina tatizo na pazia, ndio heshima yetu. Tatizo ni darsa ya mizizi, herufi zinaandikwa ubaoni, na sie ubao hatuuoni! Unasikia tu, hii dhaa sio dhad, angalieni nlipoweka nukta. Tuangalie wapi? Wiki tatu za mwanzo tunaandika kwa kubahatisha, mwenzangu mmoja daftari lake lote kaandika dhal. Tukalalamika, ikakubaliwa kijana apige picha ubao atume kwenye grupu, zinakuja usiku, nyengine kapiga kichwa chake mwenyewe kimeziba neno. Ada tunalipa sawa na wao. Ubao wa pili mdogo upande wetu ni bei gani jamani, hata turubai jeupe tungeleta wenyewe.

Kuchelewa. Inasemwa baada ya laasiri, lakini laasiri ya maalim ina kahawa ndani yake, na kashata, na salamu za kila aliyekutana naye ngazini. Nusu saa inakwenda. Afu maghribi ikikaribia tunakimbizwa, na suala zuri daima linakuja dakika tano za mwisho.

Kitini cha fotokopi kimefifia mpaka irabu hazionekani, na kitini cha irabu kisicho na irabu ni karatasi ya kufungia bagia. Feni moja, iko upande wa wanaume, sisemi zaidi.

Na kuna kitu chengine sio kosa la darsa ila mjiandae nacho. Ukishaanza kuuliza maneno huachi. Nasikiliza khutba redioni nakatizwa na neno moja nabaki nalo, khatibu anaendelea mie nimebaki nyuma. Wateja wangu wawili washanilalamikia kofia zimechelewa.

Nlipomaliza nkamsimulia mama. Ana miaka 78, dua hii anaisoma kwenye uradi wake baada ya alfajiri kila siku ya Mungu, kuna hadithi kapokea Tirmidhi kwamba Muislamu haombi kwa dua ya Dhun-Nun, ndiye huyo huyo Nabii Yunus, ila anajibiwa, basi haiachi. Nkamueleza yote, qadara, kubana, Ibn Abbas, kofia. Kanisikiliza mpaka mwisho afu akanambia, kwani kuna mtu alikuwa anafikiri vyengine? Nkamwambia mama, kwenye tafsiri ya simu. Akasema, ndio nkawa siitaki simu.

Muhula wa pili unaanza mwezi ujao, ada ile ile, wataanza na ile ya jua kuzama kwenye chemchemi, Suratul Kahf, na maalim kasema humo mna visomo viwili na neno moja lenye maana ya jicho na ya chemchemi, kwa hivyo msikose. Mie nshalipa. Kinamama fikeni mapema mkae upande wa kulia karibu na mlango, pale pazia halifiki mpaka ukutani, kuna upenyo kama wa kiganja, na ubao unaonekana nusu.